Ego ya Mzee Laurenti

Alhamisi, Ngara. Ukungu umekaa juu ya vilima mpaka mchana, na ulipoondoka ikaja mvua. Nimetoka zamu na soksi zimelowa. Nimechemsha chai, nimejifunika kitenge, simu iko mkononi. Shajara, leo sitaki kupendwa na mtu. Nataka kusema tu.

Mnaonisoma hapa mnajua mimi ni mtu wa kushuku. Nimezaliwa upande wa Biharamulo, na mama yangu alinilea na sheria moja ya mezani: kikombe ukikiacha ukaenda chooni, ukirudi kimwage. Nimesoma uuguzi, cheti ninacho, najua mshipa unavyoziba na unavyopasuka. Lakini kikombe changu siachi mezani, hata kwa rafiki yangu. Na ukinikaribisha pombe ya ndizi kwako, onja wewe kwanza ndipo unipe. Ndivyo tulivyo huku, msomi na asiye msomi.

Kwa hiyo wiki hii kesi ya sumu ilipokuja wodini, sikuwa na haki ya kumcheka mtu.

Jumatatu asubuhi tuliletewa Mzee Laurenti, mkulima wa kahawa na migomba wa Murukulazo. Aliletwa nyuma ya pikapu, amelazwa juu ya godoro. Mdomo umeenda kushoto, mkono na mguu wa kulia vimelegea kabisa, hasemi, anatazama dari. Kiharusi. Hata mfagiaji wetu alikijua kabla hatujapima presha, na presha yenyewe ilikuwa juu mno.

Alikuja na watu wawili. Mmoja ni Bonifasi, mdogo wake, mwanamume mrefu mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa kanisani. Wa pili ni mkewe, Spesioza. Huyu alivuka mpaka akiwa mtoto mgongoni kwa mama yake, enzi zile za mawimbi ya mwanzo ya wakimbizi. Amekulia hapa, ameolewa hapa kwa ndoa ya kanisa, amelima Murukulazo miaka yote. Lakini siku hizi mabasi ya wakimbizi wapya yanapita tena mjini kutoka Kabanga mpakani, na watu wameanza kuwatazama majirani wao upya. Huyu wa wapi? Yule mama yake alitoka wapi? Basi Bonifasi hakumwita shemeji. Alimwita "huyu".

Nikauliza swali letu la kwanza: ameanguka lini? Bonifasi akasema asubuhi hii hii. Spesioza akatazama sakafu.

Mh!

Kiharusi kina saa zake. Mtu akiletwa mapema unaweza kumchunga, asipate hiki wala kile, na baadaye ukamwona sokoni anatembea na fimbo yake, amekonda lakini anabishana bei. Akichelewa, mengi yanakuwa yameshapita. Ndiyo maana naumwa sana nikidanganywa saa. Na hapa nilikuwa nadanganywa, kwa sababu shati la mzee lilikuwa na doa la kijani lililokauka kifuani, na lilinuka majani mabichi. Kifua chenyewe kilikuwa kinakoroma. Mtu aliyeanguka asubuhi hii doa hilo lilikauka saa ngapi?

Daktari akampima, akatueleza kama anavyotueleza kila mara. Mashine ya kupiga picha ya kichwa hatuna. Iko Mwanza, na mpaka upite Nyakanazi na uendelee na ile barabara, mgonjwa mwenye kifua kama hiki atafika vipi? Kwa hiyo hatujui kama mshipa umeziba au umepasuka, na bila kujua hilo dawa nyingine hatuthubutu kuzigusa. Tushushe presha polepole. Asipewe chochote mdomoni mpaka tujue kama anameza. Tumgeuze, tumgeuze, tumgeuze, asipate vidonda vya mgongo. Tutibu kifua.

Nilimjaribu kwa kijiko cha maji. Akapaliwa mpaka macho yakatoka machozi. Tukampitishia mpira puani, chakula kipite huko.

Ndipo Bonifasi akanivuta pembeni ya kabati la dawa. "Dada nesi," akasema, "hii siyo presha. Amerishwa huyu." Amelishwa sumu, yaani. Akanieleza walivyokuwa wamekaa uani wanakunywa, Spesioza ndiye aliyemimina, akaonja kama inavyotakiwa, akampa mumewe, na mumewe hakumaliza hata nusu akaanguka. "Ameonja," nikamwambia. Akacheka kile kicheko kisicho na furaha. Akanionyesha kidole gumba chake. "Unaonja kwanza, halafu unapompa, gumba linaingia kidogo kwenye pombe. Sumu inakaa chini ya ukucha. Wewe ni mtu wa huku, usijifanye hujui."

Ninajua. Nimelisikia tangu utotoni.

Na hapa ndipo pa kuungama, shajara: nilianza kumtazama Spesioza kwa jicho hilo hilo.

Hakulia. Mwanamke ambaye mumewe amepooza halii? Alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda, mikono imewekwa juu ya magoti, vidole vimetandazwa kama anavianika juani. Alipoandaa uji wa kupitisha kwenye mpira, alisimama katikati ya wodi, akanywa mafunda mawili mbele ya kila mtu, akafungua mdomo tuone amemeza, ndipo akanipa. Nikasema moyoni, huyu anaigiza. Halafu nikaziona kucha zake. Zilikuwa zimekatwa mpaka kwenye nyama, zote kumi, mbili zina damu. Mkulima gani wa kike anakata kucha namna ile, tena siku mumewe alipoanguka? Nikajijibu mwenyewe: anayeficha kitu. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, nikajiona mjanja.

Jumanne nikashindwa kuvumilia. Tulikuwa tunamgeuza mzee pamoja, yeye ameshika mabega, mimi kiuno. Nikamuuliza kwa ukali, tena bila hata salamu ya maana, kucha umezikatia nini.

Akanitazama. "Nimezikata ili waone," akasema. "Wanasema iko chini ya kucha. Basi sina kucha."

Loo.

Tulipomaliza kumlaza mzee ubavu, akaniambia mengine, kwa sauti ya chini, huku anakunja shuka. Mzee alianguka Jumapili, baada ya misa. Siyo Jumatatu. Yeye alitaka aletwe hospitali saa ile ile. Bonifasi akakataa, akasema wazungu hawana dawa ya sumu, akampakia kaka yake kwenye pikipiki, amembana katikati, akampeleka kwa mganga mmoja ng'ambo ya kilima, wale wanaotapisha watu. Spesioza akawafuata kwa miguu. Alipofika akazuiwa nje ya ua, maana mtuhumiwa haruhusiwi kuingia, dawa itakataa. Alikaa nje akisikia mumewe anavyonyweshwa na anavyopaliwa, Bonifasi akiwa amemshika kichwa. Usiku kucha. Asubuhi ndipo walipoona hali imekuwa mbaya wakatafuta pikapu.

Kumbe lile doa la kijani. Kumbe kile kifua. Unamnywesha mtu aliyeshindwa kumeza, dawa inaenda wapi? Inaenda mapafuni.

Akaniomba nisimtaje. Watasema anamsingizia shemeji yake. Nikamwambia sitamtaja, lakini nilikuwa nimeshikwa na hasira kiasi kwamba nilifunga bandeji ya mgonjwa wa jirani vibaya nikarudia.

Jana, Jumatano, ikawa siku ya furaha. Nilikuwa nampangusa mzee uso, nikamwambia kwa mazoea tu, mzee, umeamkaje leo, unajisikia nafuu? Na Mzee Laurenti, ambaye hatujasikia sauti yake tangu aje, akasema: "Ego."

Ego! Ndiyo! Kwa Kihangaza, kwa Kirundi, hata huko kwetu, ego ni ndiyo. Wodi nzima ikashangilia. Mama wa kitanda cha pili, maana wodi yetu ni moja kwa wote, akapiga vigelegele, akasahau kwamba ana mshono. Daktari akaja, akamuuliza hili na lile, akawa anajibiwa ego, ego. Daktari hakushangilia. Aliniambia nisubiri kidogo kabla ya kumpa mtu matumaini. Lakini habari haikusubiri. Kabla ya jua kuzama Murukulazo nzima ilishajua kwamba Laurenti anasema.

Na Bonifasi akasikia kitu kimoja tu: shahidi amepatikana.

Leo saa ya kutazama wagonjwa wakaja. Bonifasi mbele, nyuma yake mwenyekiti wa kitongoji, mzee wa makamo mwenye koti zito linalochuruzika maji, na wazee wawili wa ukoo. Nikawapa shikamoo, wakaniitikia marahaba, wakanipita kama nguzo. Wakajipanga miguuni pa kitanda. Hakuna aliyeniomba ruhusa. Wodi ni yangu, lakini wanaume wanne waliolowa mvua wakisimama hivyo, hata wewe unajiuliza kama wodi bado ni yako.

Bonifasi akainama, akasema kwa sauti ya kanisani: Kaka, tuambie mbele ya hawa. Ni huyu mwanamke aliyekupa kitu kwenye pombe?

"Ego," akasema Mzee Laurenti.

Mwenyekiti akavuta pumzi ndefu, akavua kofia. Mmoja wa wazee akafanya ishara ya msalaba. Bonifasi akamgeukia Spesioza akamwambia, pale pale mbele ya watu, kwamba leo harudi nyumbani. Watoto watakaa kwake. Shamba ni la ukoo. Yeye afuate mabasi ya wenzake kambini, au avuke Kabanga arudi alikotoka, na akibisha watu wa uhamiaji wataitwa waje wamuulize karatasi zake. Mwenyekiti hakupinga. Akasema tu, kwa upole, maneno ya mgonjwa yamesikika na sote.

Spesioza alitandaza vidole juu ya magoti, kama kawaida yake.

Nisijisifu kwamba niliingilia kwa huruma. Niliingilia kwa sababu nilikuwa nimekasirika tangu Jumanne, na kwa sababu nilianza kushuku kitu kingine. Nilikuwa nimemsikiliza daktari jana. Nilikuwa nimehesabu moyoni: tangu mzee aanze kusema, hajawahi kusema oya, yaani hapana. Hata mara moja. Nilimchoma sindano nikamuuliza haiumi, eh? Ego. Nikamuuliza inauma? Ego.

Nikasogea kichwani pake. "Mwenyekiti, shikamoo tena. Na mimi naomba kumuuliza, wewe ushuhudie."

Akasema uliza.

"Mzee Laurenti, wewe ni mwanamke?"

"Ego."

Kuna mtu akaguna nyuma. Nikaendelea.

"Mzee, ng'ombe wako wanataga mayai?"

"Ego," akasema, kwa uso wa heshima kabisa, kama anayejibu paroko.

Mama wa mshono akaangua kicheko, akajishika tumbo, akalia kwa maumivu na kicheko pamoja. Hata mwenyekiti mdomo ulicheza. Lakini Bonifasi akanijia juu. Kwamba namdhihaki kaka yake. Kwamba tangu Jumatatu ameona nikinong'ona na huyu. Kwamba sisi wa Biharamulo na hao wakimbizi lugha yetu moja. Alisema mengi, jamani, mengine siyaandiki. Akasema maswali ya utani yanajibiwa kiutani, lakini swali la kifo na uhai linajibiwa kweli.

Haya. Nikamwambia mwenyekiti, basi acha niulize moja la kifo na uhai.

Nikainama. Nilijua ninachofanya, shajara. Nilijua na nikafanya.

"Mzee Laurenti. Ni Bonifasi aliyekunywesha kitu kikakudhuru?"

"Ego."

Hakuna aliyecheka safari hii. Nilitegemea Bonifasi apige kelele, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Hakupiga. Uso wake ulibadilika kama mtu aliyeitwa jina lake gizani. Akashika chuma cha kitanda. Akasema, siyo kwetu, kwa kaka yake: "Nilitaka utapike tu. Kaka, nilitaka utapike tu."

Mwenyekiti akamgeukia polepole. Atapike nini? Lini? Wapi? Na yakatoka yote: Jumapili, pikipiki, mganga, dawa ya majani, usiku kucha. Mwanamume yule mrefu alilia mpaka kamasi. Na mimi niliyemtega nikamwonea huruma, maana nilimwona jinsi alivyompenda kaka yake, na jinsi mapenzi yale yalivyomshika kichwa na kumnywesha. Mtu akiamini kwamba kuna sumu atafanya nini? Mama yangu angefanya nini? Mimi?

Lakini huruma haikuninyamazisha. Nikasimama mbele yao nikawafundisha. Nikawaambia ubongo una mahali pake pa maneno, na kiharusi kimepapiga hapo. Maneno yote yamefungiwa ndani, limebaki moja mlangoni, na hilo ndilo linalotoka kila mlango ukigongwa. Hajui anachojibu. Hamshtaki Spesioza na hamshtaki Bonifasi. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kitanda cha mwisho: "Hiyo ego msiichukulie kuwa neno. Ni upepo tu."

Mwenyekiti akavaa kofia. Akasema kwamba kwa alivyoona yeye, neno la mgonjwa huyu halimfungi mtu wala halimfungui, na kwamba Spesioza atarudi nyumbani kwake na atakayemgusa atamjibu yeye. Kuhusu mganga, watakaa kikao. Akamwambia Bonifasi amwombe shemeji yake radhi. Bonifasi akasema pole, mama, bila kumtazama. Lakini alimwita mama. Wakaondoka, matope yao yakabaki sakafuni.

Nilijisikia vizuri mno. Niseme ukweli. Wauguzi wenzangu walinipiga mgongoni, mama wa mshono akasema mimi ningefaa kuwa hakimu. Nikaenda kwenye sinki kuosha bomba la kulishia, nikawa naimba kidogo kidogo.

Spesioza akanifuata pale. Nikadhani anakuja kushukuru, nikajipanga kusema usijali, ni kazi yetu.

Alisimama akakausha mikono kwenye kitenge, ingawa haikuwa imelowa. Akasema, dada, naomba kuuliza. Akasema tangu jana, kila alipokuwa peke yake naye, alikuwa akimuuliza. Kama anamjua yeye ni nani. Kama anakumbuka watoto. Kama anajua kwamba mkewe hakumtendea ubaya wowote, hata wanaume wote wakisema alimtendea.

"Yote alinijibu ego," akasema. "Nilikaa na hiyo jana nzima. Ndiyo iliyonikalisha pale leo walipokuja, sikuogopa."

Kisha akaniuliza.

"Na hizo nazo ni upepo?"

Mimi mwenye jibu la kila kitu. Bomba liko mkononi, maji yanatiririka bure. Jibu la vitabu ninalijua, na ndilo nililolipigia kelele wodi nzima dakika chache kabla. Ningeweza kumwambia kwamba hatujui mzee anaelewa kiasi gani, na hiyo ni kweli pia, daktari mwenyewe hajui. Wako wanaoelewa kila kitu na mdomo unawasaliti. Wako wasioelewa chochote. Huyu ni wa wapi? Ningeweza kumwambia mkono wa kulia huenda usirudi, kifua kinaendelea vizuri, huenda akatoka hapa akiwa hai, na mengine tuyaone mbele. Hivyo vyote ni vya kweli na hakuna hata kimoja alichoniuliza.

Nikasema, "Sijui, dada."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei asiyoiweza. Akarudi kwenye kigoda chake.

Jioni nilipokwenda kumgeuza mzee kabla ya kukabidhi zamu, Spesioza alinisaidia kama siku zote. Ameshika mabega, mimi kiuno. Hakumuuliza mumewe chochote. Tulifunga shuka kimya kimya. Na katika ukimya ule Mzee Laurenti akafungua mdomo, hakuna mtu aliyemuuliza neno, akamtazama mkewe, au akautazama ukuta uliokuwa nyuma ya mkewe, akasema:

"Ego."

Spesioza hakuitika. Aliendelea kuingiza ncha ya shuka chini ya godoro.

Chai imepoa hapa pembeni yangu. Nimeshuku wengi wiki hii: mke, shemeji, mganga, na hata mgonjwa aliyepooza. Sasa najishuku mwenyewe. Nimemwokolea nyumba na nimemnyang'anya mume. Natamani asubuhi nimkute nimwambie, muulize tena, dada, muulize taratibu, pengine hii ya kwako ni ya kweli.

Lakini nikimwambia hivyo, nitakuwa ninauguza, au nitakuwa nami ninamnywesha mtu kitu nisichokijua?